Hatua Tisa Nyuma ya Jiko la Wangari

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa mnyororo, nikaambiwa nisiuburute. Ilikuwa asubuhi ya baridi huko Tetu, miaka michache baada ya uhuru. Umande ulikuwa haujakauka kwenye majani ya chai, na suruali yangu ilikuwa imelowa hadi magotini. Nilikuwa na cheti cha darasa la saba na viatu vya kuazima. Nyapara wetu, mzee mfupi aliyevaa koti la jeshi mwaka mzima, aliniona nikiuvuta ule mnyororo matopeni, akapaza sauti.

"Wewe! Hiyo si mbuzi unapeleka soko. Inua juu! Tope ikiingia kwa pete, mnyororo inakuwa fupi, na shamba ya mtu inakuwa fupi."

Akina mama waliokuwa wakichuma chai karibu nasi walicheka. Mmoja akauliza, "Ati huyu ndiye atatupimia? Si viatu vyenyewe vinamtoka." Vilikuwa vinanitoka kweli matopeni.

Vijana wanaopima ardhi leo hubeba kifaa kinachowasiliana na setilaiti, kwa hiyo nieleze kidogo. Mnyororo wa kupimia ulikuwa wa chuma, wenye pingili mia moja, urefu wake futi sitini na sita toka mpini hadi mpini. Mtu wa mbele alishika mpini mmoja pamoja na mishale kumi, yaani vijiti vya chuma vilivyofungwa kitambaa chekundu. Kila mnyororo uliponyooka alichoma mshale mmoja ardhini, na mtu wa nyuma alipofika aliuokota. Mishale ya mbele ikiisha, mlisimama mkahesabiana kwa sauti mbele ya Bwana Mpima, naye akaandika katika daftari lake. Aliyefanya kazi hiyo aliitwa mshika mnyororo. Cheo kilikuwa kidogo, lakini kosa lake moja lilikaa kwenye ramani miaka yote.

Kule Tetu nilijifunza pia jambo ambalo halikuandikwa katika daftari lolote. Mipaka ya wazee wetu ilipandwa itoka, ua la porini lenye kiazi kikubwa ardhini, ambalo halifi kwa jua wala kwa jembe. Itoka lilipandwa mbele ya mashahidi, na kulihamisha lilikuwa jambo la wazee, si la mtu binafsi. Aliyeling'oa kwa siri alihesabiwa kuwa amejitakia laana yeye na watoto wake. Tukifika penye mstari wa matoka, yaani itoka nyingi pamoja, nyapara alikuwa akifunga koti lake na kusema, "Hapa hakuna kuchimba. Itoka haina mdomo ya kudanganya." Bwana Mpima wa wakati ule, Mzungu aliyekuwa akihesabu miezi yake ya mwisho nchini, alikuwa akimwamini. Nami niliamini pia, na niliamini kwa majivuno, kana kwamba mimi ndiye niliyeyapanda.

Baada ya Tetu nilihamishiwa Timau, ambako mashamba makubwa ya ngano yalikuwa yakigawanywa. Tuliishi katika mahema. Upepo wa pale hauna mahali pa kujificha, na jioni mtu alikula chakula chake akiwa ameupa mlima mgongo ili vumbi lisiingie sahanini. Kisha tukapelekwa Endarasha, kwenye ploti za walowezi wapya, ambako baridi iliunguza viazi kabla havijatoa maua. Miaka ilikwenda hivyo, hema hadi hema. Sikuoa. Watu huniuliza kwa nini, nami sina jibu zuri. Kila nilipomfahamu msichana, kazi ilihama.

Nilikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita wangu, dada yangu mkubwa Wangari. Wazazi wetu walikufa katika miaka ya hali ya hatari, kabla ya uhuru, naye ndiye aliyenilea, akinibeba mgongoni huku mwenyewe akiwa mtoto. Aliolewa katika mji wetu, mmoja wa ile miji midogo iliyo kati ya Nyeri na mlima, na mumewe akafa mapema. Alibaki katika nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, kwenye safu ya nyumba nane zilizopakana na uwanja wa mpira. Mbele ya nyumba palikuwa na barabara, nyuma palikuwa na majiko, na nyuma ya majiko palikuwa na mstari wa matoka, kisha nyasi za uwanja. Mara moja au mbili kwa mwaka nilipata likizo nikalala kwake. Nilikuwa nikifika nimechoka, nakula, nalala. Sikuwa na macho ya kupima nilipokuwa kwa dada yangu.

Uwanja wenyewe wakati huo haukuwa na chochote ila magoli mawili na kibanda cha kubadilishia nguo. Watu walitazama mpira wakiwa wamesimama. Halafu klabu yetu ilipanda ligi kubwa. Sijaona tena furaha kama ile katika mji ule. Wachuuzi walifunga soko, mwalimu mkuu aliruhusu shule nzima iende kupokea timu barabarani, na askari kutoka magharibi ya nchi ambao hawakujua hata majina ya wachezaji wetu walicheza ngoma pamoja nasi. Lakini ligi kubwa ilikuwa na masharti yake. Uwanja ulitakiwa uwe na ukuta, na uwe na majukwaa, yaani ngazi za saruji za watu kukalia. Baraza la mji likakubali kujenga. Ofisi yetu ikaombwa mpima mmoja na mshika mnyororo mmoja. Nilipoona jina la mji nilijitolea mwenyewe.

Bwana Mpima niliyefanya naye kazi hiyo alikuwa mtu wa Kakamega, mrefu na mpole, asiyependa kupandisha sauti. Aliniita "Ndirangu bwana," ingawa nilikuwa chini yake. Tulianza upande wa kaskazini, tukamaliza magoli yote mawili, na siku ya tatu tukafika upande wa majiko. Ramani ya zamani ya ile safu ya nyumba ilikuwa imepotea katika ofisi ya baraza, ikabaki orodha ya majina tu. Kwa kawaida mtu hutafuta bikoni, yaani chuma kilichozikwa kwenye kona ya ploti na kumwagiwa saruji. Bwana Mpima alitazama wingu lililokuwa likishuka kutoka mlimani, akatazama ule mstari wa matoka, akaniuliza.

"Ndirangu bwana, tuchimbe tutafute chuma? Itatuchukua kesho yote."

Nilikwenda nikayaangalia matoka. Yalikuwa vichaka vikubwa, vya miaka mingi, yamenyooka kama yamepangwa kwa kamba. Nikajibu kwa sauti ya mtu anayejua. "Hakuna haja. Wewe si wa huku, huwezi kujua. Mtu wa hapa hawezi kuhamisha itoka. Afadhali ahame yeye."

Wangari alikuwa jikoni, mlango ukiwa wazi. Alitoka na birika na vikombe vitatu. Nikamwambia mbele ya Bwana Mpima, "Si ni kweli? Waambie watu wa Kakamega."

Alimimina chai, akasema, "Kunyweni, itapoa," akarudi ndani. Nilidhani anaona haya mbele ya mgeni.

Tulivuta mnyororo kwenye mstari wa matoka, nikapigilia vigingi, Bwana Mpima akaandika, nami nikatia sahihi yangu chini ya yake kama shahidi. Mvua ilitukuta tukifunga mizigo.

Wiki kadhaa baadaye karani wa baraza alipita nyumba hadi nyumba na barua. Mimi nilikuwa nimepanga chumba karibu na stendi nikisubiri kazi nyingine. Jumapili, baada ya ibada, Wangari alikuja kwangu akiwa bado amevaa kitambaa chake cheupe cha kanisani. Alikaa kitandani kwa sababu kiti kilikuwa kimoja. Alinipa barua niisome. Ilisema kwamba kwa vipimo vipya ploti zote nane hazikufikia urefu unaotakiwa na sheria za mji kwa nyumba ya kuishi. Kwa hiyo baraza lingezichukua zote kwa ajili ya jukwaa la watu, na wenyewe wangepewa ardhi huko Kieni, upande wa Endarasha.

"Hazifiki kwa nini?" nikauliza. "Ploti hizi zilikuwa za kawaida."

"Zinapungua hatua tisa," alisema Wangari.

"Umejuaje ni tisa?"

"Nilizihesabu mimi." Alitazama mikono yake. "Sisi ndio tulihamisha matoka, Ndirangu. Sisi wanawake."

Akanieleza polepole. Watu walipoanza kuwa wengi siku za mechi, walikuwa wakisimama hadi ndani ya vibustani vya sukuma wiki vya wanawake, wakiegemea majiko. Wanawake walipiga kelele bila kusikilizwa. Lakini waligundua kwamba hata mlevi, akiona itoka, anarudisha mguu. Basi asubuhi moja, waume wakiwa kazini kwenye kiwanda cha mbao na mashambani, wanawake wanane walitoka na majembe. Waliyang'oa matoka pamoja na viazi vyake, wakayarudisha nyuma hatua tisa kuelekea majiko. Zile hatua tisa wakawaachia watazamaji wasimame, nao wakauza hapo chai, mahindi ya kuchemsha na viazi. Wangari ndiye aliyetoa wazo. Waliapa wasimwambie mwanamume yeyote, na waume, waliorudi usiku na wasiofika nyuma ya majiko, hawakugundua.

"Na siku ile nilipokuuliza?"

"Ningesema nini mbele ya mgeni? Ati mimi ni mwanamke wa kung'oa itoka? Na wewe ulikuwa unajisifu hivyo." Akaikunja ile barua, akasema, "Tulijipunguzia wenyewe. Nilidhani mtu akijipunguzia si kosa."

Ndivyo ilivyokuwa. Katika miaka yangu yote nilikuwa nimesikia watu wanaohamisha mpaka ili waongeze shamba. Sikuwahi kuwaza kwamba kuna watu watakaouhamisha waache chao nje.

Kesho yake nilichukua sururu, nikapima hatua tisa kutoka kwenye kona ya matoka kwenda uwanjani, nikachimba pale ambapo wauza chai walikuwa wamekanyaga ardhi hadi ikawa ngumu kama sakafu. Nilikipata kile chuma kabla ya saa sita, saruji yake ikiwa haijavunjika. Nilimwita Bwana Mpima. Alipiga magoti akakigusa, akasema, "Ndirangu bwana, hii ni yenyewe." Tulikwenda pamoja kwa Mhandisi wa mji.

Mhandisi alikuwa mtu wa haraka, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alitusikiliza akiwa amesimama.

"Ramani imepitishwa," alisema. "Mawe yako njiani. Sasa mnataka niyaambie yarudi machimboni?"

"Chuma kipo, bwana," alisema Bwana Mpima. "Twende ukaone."

"Chuma mnaweza kuzika nyinyi wenyewe. Mimi nataka mtu. Aliyehamisha hayo maua aje mbele ya kamati ya uwanja, aseme kwa mdomo wake. Akisema, tutaangalia."

Hiyo ilikuwa nafasi yetu, na ilikuwa moja tu. Wanawake wanane wakija na kusema jambo lilelile, mstari ungeweza kurudishwa, jukwaa lijengwe upande wa pili penye kitalu cha miche cha baraza. Nilimpelekea Wangari habari hiyo. Alizunguka nyumba saba kwa siku mbili. Kila mahali aliambiwa vilevile. Mmoja alimwambia, "Nikubali mbele ya wazee, halafu mtoto wangu akiugua nitamlaumu nani?" Mwingine alisema mumewe atamrudisha kwao. Mwingine alikana kabisa, akamwangalia Wangari machoni akasema hakushika jembe siku hiyo.

Wangari alikwenda peke yake.

Kamati ilikaa katika ukumbi wa baraza, mimi na Bwana Mpima tukiwa tumeketi kando. Mhandisi alikuwa kwenye kiti cha katikati, kulia kwake Katibu wa klabu, mwenye bucha, na kushoto wazee watatu. Dada yangu alisimama mbele yao na koti lake la buluu lililofungwa vifungo vyote. Alisema yote kwa Kiswahili ili Bwana Mpima naye asikie. Hakuwataja wenzake. Alisema, "Nilihamisha matoka. Niliyarudisha nyuma. Chuma iko pale pa zamani."

Mzee mmoja aliguna. "Uliyahamisha wewe peke yako, yote hayo?"

"Nilihamisha."

"Mwanamke anahamisha itoka kama anahamisha sufuria," alisema Katibu wa klabu, na watu walioketi nyuma wakacheka. "Leo ameona nyumba inakwenda, ndiyo anakumbuka. Na nani amepata hicho chuma? Si huyu ndugu yake?"

Hapo ndipo Mhandisi alipomgeukia Bwana Mpima. "Wewe ni mtu umesomea kazi. Kwa nini hukutafuta chuma siku ya kwanza?"

Bwana Mpima aliniangalia. Sikumbuki kitu kingine katika maisha yangu kwa uwazi kama ninavyoyakumbuka macho yale. Hayakuwa ya kunilaumu. Alikuwa akinipa nafasi. Ningesema, "Ni mimi niliyemkataza. Nilimwambia mtu wa huku hahamishi itoka." Pengine kisingebadilika chochote. Lakini ningekuwa nimesimama karibu na dada yangu. Niliwaza kazi yangu, na kicheko cha wale watu wa nyuma, na sahihi yangu katika daftari. Nilinyamaza.

"Tuliona hakuna haja," alisema Bwana Mpima, na lawama yote akaibeba yeye.

Kamati ilichukua muda mfupi. Walisema ushahidi ni wa mtu mmoja na ndugu yake, na kazi iendelee.

Nyumba zilibomolewa katika msimu wa kiangazi. Familia nane zilipakiwa kwenye lori la baraza, mabati na milango vikiwa juu ya vitanda. Wale wanawake saba waliokataa kusema sasa walikuwa na mtu wa kulaumu mbele ya waume zao. Katika lori waliketi upande mmoja na Wangari upande mwingine na kuku wake. Huko Kieni walipewa ploti zinazofuatana, kwa hiyo alibaki jirani yao. Walimpa jina, Mama Matoka. Kisimani walikuwa wakingoja achote aondoke ndipo wao wasogee. Niliyaona hayo kwa macho yangu nilipokwenda kumtembelea. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani Matoka ni jina la mtoto wake.

Bwana Mpima alihamishwa muda si mrefu. Alinipa mkono stendi akasema, "Ndirangu bwana, siku nyingine tuchimbe." Sikumwona tena.

Mimi nilichoka na mahema. Baraza lilipotafuta mtunza uwanja niliomba kazi, nikapewa kwa sababu nilijua vipimo. Sitaficha kwamba niliipenda kazi yenyewe. Nilikata nyasi, nikamwagilia kwenye magoli ambako miguu hula sana, na Ijumaa nilichora mistari kwa chokaa. Pembe ya uwanja hutafutwa kwa kamba. Unapima tatu upande mmoja na nne upande wa pili, na kati ya ncha hizo lazima ipatikane tano kamili, la sivyo pembe imelala. Makocha walikuja na kuondoka, makatibu pia, na wote waliniita mzee wa chokaa.

Wala sitasema uwanja haukuleta kitu. Maduka yaliongezeka, barabara ikawekwa lami hadi mlangoni, na vijana wengine walipata kazi ya kuuza tiketi. Siku za mechi kubwa watu walikuja kutoka hata Nanyuki. Lakini chai iliuzwa na mtu mmoja aliyepewa kibanda na klabu, na wanaume waliokuwa wakitazama mpira bure wakiwa wamesimama walibaki nje ya ukuta, wakisikiliza kelele na kukisia nani amefunga. Wengine walikuwa watu wa ile safu ya nyumba, waliotoka Kieni kwa miguu tangu alfajiri.

Wangari alikaa miaka mingi bila kuja. Kila nilipomwalika alisema viazi havijapaliliwa. Halafu Jumamosi moja alishuka mlangoni kutoka kwenye lori la viazi, amezeeka, na fimbo mkononi.

"Niingize," alisema. "Niko na soksi mbili, sitasikia baridi."

Nilimwingiza kwa mlango wa wachezaji. Watu walikuwa bado hawajafika. Alilitazama jukwaa muda mrefu, ngazi kwa ngazi, kisha akauliza, "Jiko langu lilikuwa wapi?"

Hakuna mtu mwingine katika mji ule ambaye angeweza kumjibu. Nilikuwa bado nazikumbuka namba za daftari. Nilianzia kwenye kibendera cha kona, nikatembea, nikapanda, nikahesabu. Nilisimama kwenye safu ya sita kutoka juu.

"Hapa. Mafiga yalikuwa hapa."

Alikaa. Aliweka fimbo miguuni, akaipapasa saruji kwa kiganja. "Hapa palikuwa na joto," alisema.

Nilikaa kando yake. Nilikuwa nimelibeba jambo langu miaka yote hiyo, nikaona nisipolisema pale sitalisema popote. Nikamwambia, "Siku ile Mpima alitaka kuchimba. Mimi ndiye nilimkataza. Na kwa kamati nilinyamaza, ukachekwa peke yako."

"Najua kuhusu kuchimba," alisema. "Si nilikuwa jikoni, mlango wazi. Ulikuwa unapiga kelele kama mnada. Nilisikia unamkataza, na nilishukuru. Nilisema, sasa hawatajua." Akaipapasa saruji tena. "Hiyo ya kamati ndiyo ilinikata. Nilikuwa nakungoja."

Timu ziliingia, watu wakajaa, tukabanwa pande zote. Alifuata mchezo kwa umakini ambao sikuutarajia. Mara moja alisimama akamnyooshea mwamuzi fimbo. "Ati hiyo si faulo? Huyu mtu anaona kweli, ama amelala?" Watu walio karibu wakashangilia wakamwita cucu, yaani nyanya, akafurahi. Tulifungwa bao moja. Jioni nilimsindikiza hadi kwenye lori, na kabla ya kupanda alinifunga kifungo cha juu cha koti, kama alivyokuwa akifanya nikienda shule. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa baridi ya Julai. Wale majirani walikuja kuzika. Wawili kati yao, sasa vikongwe, walilia kwa sauti kubwa kuliko mimi. Nilitaka kuwauliza kwa nini walimwacha aende peke yake, nikaacha. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliokataa kusema.

Nilistaafu baadaye kidogo. Kulikuwa na soda na hotuba, na Katibu mpya wa klabu alisema nimeutumikia uwanja kwa uaminifu. Niliinamisha kichwa. Kijana unayesoma haya na kufanya kazi ya kupima, mimi sina elimu ya kukufundisha. Naweza kukuambia tu kwamba nilikuwa na mnyororo ulionyooka, mishale kamili na hesabu isiyo na kosa, na nikapima uongo. Mpole mmoja aliniuliza kama tuchimbe, nikamjibu kwa majivuno ya kabila langu. Uliza watu wa hapo, na waulize wakiwa peke yao, na ukishauliza, chimba. Na siku utakapogeukiwa na macho, sema.

Klabu ilishuka ligi miaka mingi iliyopita. Siku hizi kwenye mechi huja watu wachache, wanaotawanyika jukwaani kila mtu na ngazi yake. Mimi huenda mapema, napanda hadi safu ya sita kutoka juu, nakaa upande wa kushoto kidogo ili nisikalie pale penyewe palipokuwa na mafiga ya Wangari.

Jumamosi iliyopita kulikuwa na jua, na watu walikuwa wengi kuliko kawaida. Mwanamume mmoja alipanda na karanga zake mkononi, akasimama kulia kwangu, pale penyewe.

"Mzee, hapa pana mtu?"

Niliitazama ile saruji hadi akadhani sisikii, akauliza tena.

"Hapana," nikamwambia. "Hapana mtu."

Akakaa.